Jukwaa la muda: kwa nini huanguka, na namna ya kulijenga likasimama

Kuanzia Juni hadi Septemba, mavuno yakishaingia ghalani na mvua ikiwa mbali, vijiji vyetu hujaa shughuli. Kuna mikutano ya injili, matamasha ya kwaya, mahafali ya darasa la saba, Sikukuu ya Wakulima ya Nane Nane, mabonanza ya mpira, na mwaka wa uchaguzi kuna kampeni. Karibu kila shughuli hujengewa jukwaa. Nguzo za mirunda husimamishwa, mbao hukodiwa, turubai hutandazwa juu, bango kubwa hufungwa nyuma na spika hupangwa pembeni. Kazi nzima huisha kwa siku moja, jukwaa hutumika siku mbili tatu, kisha mbao hurudi kwa mwenyewe.

Swali ambalo wengi huuliza kuhusu majukwaa haya ni moja: linabeba watu wangapi? Swali ni zuri, lakini si la kwanza. Jukwaa la muda mara chache huanguka kwa sababu nguzo zimevunjika kwa uzito. Mara nyingi huanguka kwa sababu limesukumwa upande, likalala, na nguzo zote bado nzima. Kinachosukuma ni upepo uliokamata bango na turubai, au watu wanaocheza kwa mwendo mmoja. Fundi aliyezoea kujenga nyumba hufikiria mzigo unaokwenda chini, kwa sababu nyumba ina kuta, na kuta huizuia isilale. Jukwaa halina kuta. Karibu yote tunayoeleza hapa yanatokana na tofauti hiyo.

Yaliyotokea kwingine

Tarehe 22 Mei 2024, katika mji wa San Pedro Garza García kaskazini mwa Meksiko, mgombea urais Jorge Álvarez Máynez alikuwa kwenye mkutano wa kampeni jioni. Upepo mkali ulivuma ghafla na jukwaa likaangukia watu. Watu wasiopungua 9 walifariki, mmoja wao mtoto. Mgombea mwenyewe alinusurika kwa kukimbia. Lilikuwa jukwaa la chuma, si la mirunda, lakini lilipata shida ileile: muundo mrefu, mwepesi, wenye sehemu pana za kukamata upepo.

Tukio lililochunguzwa kwa kina zaidi ni la Indianapolis, Marekani, tarehe 13 Agosti 2011, kwenye maonyesho ya kilimo ya jimbo la Indiana. Ni maonyesho ya wakulima na wafugaji, ndugu wa Nane Nane yetu. Usiku ule watu walikuwa wakisubiri bendi ya Sugarland ipande jukwaani. Mawingu ya dhoruba yalikuwa yanaonekana. Dakika chache kabla, mtangazaji aliwaambia watazamaji kwamba hali ya hewa inaweza kuchafuka na wajue pa kujikinga, lakini onyesho linatarajiwa kuendelea. Kisha ukaja upepo wa takribani kilomita 95 kwa saa na paa lote la jukwaa likaangukia mbele, kwenye watu. Saba walifariki na zaidi ya 50 walijeruhiwa.

Ripoti zilizotolewa mwaka 2012 zilionyesha mambo mawili ambayo kila kamati ya maandalizi ingefaa kuyajua. La kwanza, kamba za chuma zilizoshikilia paa zilifungwa kwenye vizuizi vya zege, vile vinavyowekwa barabarani kutenganisha magari. Ni vizito sana kwa macho, lakini vilikuwa vimekaa tu juu ya ardhi, na upepo uliposukuma, viliburuzika. La pili, haikuwa wazi nani hasa alikuwa na mamlaka ya kusema onyesho lisimame na watu waondoke. Waandaaji walikuwa wakijadiliana, na upepo haukuwasubiri.

Kuna kisa cha tatu, kifupi, kwa wale wanaodhani hatari yote iko kwenye upepo. Tarehe 16 Juni 2012 jijini Toronto, Kanada, jukwaa lililoandaliwa kwa bendi ya Radiohead liliporomoka saa chache kabla ya onyesho, hali ya hewa ikiwa shwari kabisa. Fundi mmoja wa ngoma alifariki na watu watatu walijeruhiwa. Uchunguzi ulionyesha makosa katika usanifu wa paa lililokuwa limebeba taa na mitambo mingi. Kwa hiyo msimamo wetu tunausema mapema: ukitaka kuning'iniza taa na spika juu ya vichwa vya watu, hiyo si kazi ya mirunda na misumari. Tafuta kampuni yenye miundo ya chuma iliyopimwa na mhandisi wa kuisimamia. Kama bajeti haifiki huko, spika zikae chini.

Makala hii inahusu jukwaa la kawaida la kijijini, lenye urefu wa mita 6, upana mita 4, na kimo kisichozidi mita 1.2 kutoka ardhini.

Uwanja kwanza

Kabla ya fundi kushusha mbao, mtu atembee uwanjani aangalie juu. Waya za umeme zikipita juu ya eneo hilo au karibu nalo, hamisheni jukwaa. Usikubali maneno ya "tutakuwa waangalifu". Anayesimamisha mrunda wa mita 5 au bomba la bango hawezi kukadiria vizuri umbali wa waya ulio juu yake, na umeme wa laini kubwa huweza kuruka kabla hata bomba halijagusa. Angalieni pia mti mkubwa ulio karibu, hasa wenye matawi makavu.

Kisha aangalie chini. Uwanja wa mpira uliokanyagwa miaka mingi ni mgumu na mzuri. Shamba lililolimwa msimu uliopita ni baya hata likionekana kavu, kwa sababu udongo chini bado umelegea. Udongo wa mfinyanzi hubadilika kabisa ukipata mvua ya usiku mmoja. Jaribio rahisi ni kubonyeza ardhi kwa kisigino cha kiatu kwa nguvu zako zote. Kikizama, ardhi hiyo inahitaji matandiko mapana chini ya kila nguzo.

Kwa kweli weka matandiko kila mahali. Mrunda wenye kipenyo cha sentimita 10 hukanyaga ardhi kwa eneo la sentimita za mraba kama 79. Ukiuweka juu ya kipande cha mbao nene chenye sentimita 30 kwa 30, eneo linakuwa sentimita za mraba 900, zaidi ya mara 11. Ni tofauti ya mwanamke aliyevaa kiatu cha kisigino kirefu na aliyevaa kandambili kwenye udongo laini. Matofali ya kuchoma tusiyatumie chini ya nguzo. Hupasuka ghafla, na tofali likipasuka nguzo hiyo inabaki inaning'inia. Mawe yaliyopangwa moja juu ya jingine ni hatari zaidi, kwa sababu hayahitaji hata kuvunjika. Hucheza.

Kama uwanja una mteremko, nguzo zikatwe kwa urefu tofauti ili sakafu ikae sawa, badala ya kuinua upande mmoja kwa vipande vya mbao. Fundi atumie pima maji kwa sakafu na timazi kwa nguzo. Nguzo iliyoinama tangu mwanzo imeshaanza safari ya kulala.

Mbao zinavyobeba

Wahandisi wa nchi nyingi husanifu sakafu ya kukusanyika watu ibebe kama kilo 500 kwa kila mita ya mraba. Idadi hiyo inaonekana kubwa mno. Kwaya ya watu 40 wenye wastani wa kilo 65 ni kilo 2,600, na ukigawanya kwa mita za mraba 24 za jukwaa letu unapata kilo 108 tu. Kwa nini basi 500? Kwa sababu watu hawasambai sawasawa. Mgeni rasmi akipanda, wote husogea upande mmoja kupiga picha. Mtu anaporuka na kutua, anakandamiza sakafu kwa nguvu inayozidi uzito wake. Isitoshe, kuna wakati wa kutunza.

Hapa tukae kidogo, maana jambo hili halimo kwenye vitabu vya mwongozo vya Ulaya. Kwaya ikikolea au msanii akipagawisha, watu hutoka kwenye viti na noti mkononi, wanapanda jukwaani, wanacheza huku wanatunza, na wanaobaki chini wanaona aibu kubaki. Ndani ya dakika mbili jukwaa lililojengewa watu 40 lina watu 90, wote wakiruka kwa mdundo mmoja. Hakuna wakati mbaya zaidi kwa jukwaa katika shughuli nzima. Tunashauri kutunza kufanyike chini, mbele ya jukwaa, na waimbaji washuke au wawekewe beseni. Shughuli haipoi hata kidogo, na mama mwenye vitenge viwili hahangaiki na ngazi.

Kwa jukwaa la ukubwa tuliotaja, nguzo ziwe 20: mistari 5 kwa urefu, kila mstari nguzo 4. Hapo umbali kati ya mstari na mstari ni mita 1.5, na kati ya nguzo na nguzo ndani ya mstari ni kama mita 1.3. Mafundi wengi huweka 8 au 9 ili kuokoa mirunda. Akiba hiyo hulipwa na mbao za juu, ambazo hulazimika kuruka umbali mrefu na kupinda.

Juu ya kila mstari wa nguzo hupita mbao kubwa za kubeba, mbili kwa sita, moja kila upande wa nguzo, zikibana nguzo katikati. Juu yake hupangwa mbao za mbili kwa nne, kila moja ikiwa sentimita 40 kutoka kwa mwenzake, zikiwa zimesimama kwa ubavu mwembamba. Hili la kusimamisha si urembo. Ubao wa mbili kwa nne ukiusimamisha hubeba mara mbili ya ukiulaza, na hupinda mara nne pungufu. Juu kabisa huja mbao za sakafu au plaiwudi nene, zilizopigiliwa zote, bila ubao unaocheza au kichwa cha msumari kilichochomoza. Wacheza ngoma huwa pekupeku.

Kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote liko kwenye kiungo cha nguzo na mbao ya kubeba. Fundi hupigilia misumari mitatu ya inchi nne na kuendelea. Mzigo wote wa sehemu hiyo unaning'inia kwenye misumari mitatu, ambayo husukwasukwa kila watu wanapocheza, hadi matundu yanapanuka. Mbao inatakiwa ikalie kitu. Njia rahisi ni kupigilia ubavuni mwa nguzo kipande kingine cha mbao, kinachoanzia kwenye tandiko la chini na kuishia chini kabisa ya mbao ya kubeba. Hapo mzigo unashuka kwa mbao hadi ardhini na kazi ya misumari ni kushikilia tu visihame. Bora zaidi ni bolti inayopita nguzo na mbao zote mbili. Bolti hukazwa upya baada ya shughuli na huhifadhiwa kwa mwaka ujao. Kijiji chenye bolti 40 na spana kimeshafanya uwekezaji wa maana.

Kuhusu mirunda, mbichi si tatizo kwa siku tatu, lakini iliyoliwa na mchwa au yenye nyufa ndefu irudishwe. Gonga kwa nyundo. Mrunda mzima hutoa sauti kavu, uliooza hutoa sauti butu. Mbao za kukodi zikaguliwe moja moja, kwa sababu zimeshapigiliwa na kung'olewa misumari mara nyingi, na ncha zake huwa zimetoboka kama ungo.

Mshazari

Sasa tumefika kwenye lile tulilosema mwanzoni. Chukua vijiti vinne vya kiberiti, uviunganishe pembe kwa udongo ili vifanye umbo la dirisha. Sukuma kwa kidole upande mmoja. Dirisha linalala. Sasa ongeza kijiti cha tano kinachotoka pembe ya chini kushoto hadi pembe ya juu kulia, kisha sukuma tena. Halilali, ila uvunje kijiti. Mtoto wa darasa la nne anaweza kulifanya jaribio hili mezani, na ndilo siri yote ya majukwaa.

Kijiti hicho cha tano ni ubao wa mshazari. Jukwaa linahitaji mishazari kwa pande zote mbili: inayozuia lisilale mbele au nyuma, na inayozuia lisilale kushoto au kulia. Wengi huweka upande mmoja tu, ule unaoonekana na watazamaji, au hawaweki kabisa kwa sababu nguzo zimezama ardhini nusu mita na zinaonekana imara. Weka mishazari kwenye mistari yote ya nje, mbele, nyuma na kando, na angalau mstari mmoja wa katikati. Kila mahali fanya miwili inayokatizana kama herufi X, kwa sababu hujui msukumo utatoka wapi. Ubao wa mshazari uanzie karibu kabisa na ardhi na uishie karibu kabisa na sakafu. Ukianzia katikati ya nguzo, nguzo itapindia hapohapo. Kila ncha ipate bolti, au misumari isiyopungua minne.

Sakafu ikiisha, kabla mtu yeyote hajapanda, wanaume wanne washike pembe moja ya jukwaa na kulisukuma kwa pamoja, wakihesabu moja, mbili, tatu, kwa mdundo kama wa kwaya. Jukwaa zuri hutetemeka kidogo na kunyamaza. Likiyumba kama bembea, ongeza mishazari. Kisha wajaribu pembe nyingine tatu. Baada ya hapo pakieni magunia ya mchanga juu, mengi upande mmoja, myaache kwa saa moja, halafu mkague matandiko yote kama kuna lililozama. Tunasema magunia kwa makusudi. Watu wasitumike kupimia jukwaa.

Bango ni tanga

Mvuvi wa Ziwa Nyasa au wa Kilwa hahitaji kuelezwa nguvu ya kitambaa kilichokamata upepo. Bango la nyuma ya jukwaa, lenye jina la tamasha na nembo za wafadhili, ni tanga. Turubai la juu ni tanga jingine, na lenyewe upepo hulivuta juu pia.

Hesabu ni hii. Bango la mita 6 kwa 3 lina mita za mraba 18. Upepo wa kilomita 36 kwa saa, ambao wengi wetu tungeuita wa kawaida kwa kiangazi, hulisukuma kwa nguvu isiyopungua uzito wa kilo 110. Upepo wa kilomita 54 kwa saa husukuma kwa kilo kama 250. Wa kilomita 72 husukuma kwa kilo 450. Angalia vizuri: upepo umeongezeka mara mbili, kutoka 36 hadi 72, lakini nguvu imeongezeka mara nne. Ndiyo maana jukwaa linaweza kusimama mchana kutwa bila dalili yoyote na kuanguka kwa pigo moja la upepo jioni. Chamchela, ile ya vumbi inayozunguka uwanjani saa nane mchana, hufanya kazi hiyo kwa sekunde chache na haitoi taarifa.

Ushauri wetu wa kwanza ni kupunguza bango. Liwe la mita 3 kwa 2, na lisimame kwenye nguzo zake lenyewe, mbali kidogo na jukwaa, ili likianguka lisivute jukwaa. Kutoboa matundu machache kwenye bango, kama wengi wanavyofanya, hakupunguzi nguvu kwa kiasi cha kutegemea. Wafadhili watalalamika kwamba nembo yao imekuwa ndogo. Waonyesheni hesabu hiyo hapo juu.

Ushauri wa pili ni kuhusu kamba. Tukumbuke vile vizuizi vya zege vya Indianapolis. Gunia la mchanga la kilo 50 lililolazwa juu ya ardhi kavu huzuia mvuto wa kando wa kilo kama 25 tu, kisha linaburuzika. Kwenye nyasi zenye umande huzuia pungufu zaidi. Kulishika lile bango la mita 6 kwa 3 kwenye upepo wa kilomita 54 kungehitaji magunia 10, na zaidi, kwa sababu kamba inayotoka juu huyanyanyua kidogo pia. Tunaona watu wakiweka mawili. Vigingi vilivyozama ardhini ni bora: chuma au nondo nene ya mita moja, igongwe hadi ibaki sentimita 15 tu juu, ikiwa imeinama kuelekea nje, upande ulio mbali na jukwaa. Kamba ishuke kutoka juu ya nguzo ikiwa imelala vya kutosha, mguu wake ukiwa mbali na jukwaa angalau sawa na urefu wa nguzo. Funga vitambaa vyeupe kwenye kamba ili watoto wasijikwae usiku.

Kwa turubai la kivuli, fundo la kila pembe liwe la kufunguka kwa kuvuta mara moja. Upepo ukichafuka, vijana wanne wanalishusha kwa dakika moja. Waya wa kufungia nondo hauna nafasi hapa, kwa sababu hakuna anayetembea na koleo mfukoni.

Kusoma upepo bila kipimo

Vipimo vya upepo vipo na si ghali sana, lakini miti ilianza kazi hiyo zamani. Vumbi na makaratasi yakianza kuruka na vitawi kutikisika, upepo uko kati ya kilomita 20 na 28 kwa saa. Mtu wa kukagua aanze kuzunguka jukwaa. Miti midogo yenye majani ikianza kuyumba, umefika kilomita 30 hadi 38. Shusha turubai na bango wakati huo, ungali unaweza. Matawi makubwa yakiyumba na mwavuli ukiwa mgumu kushika, uko kati ya 39 na 49. Watu washuke jukwaani na waliokaa karibu wasogee mbali, umbali unaozidi urefu wa kitu chochote kilichosimama hapo. Usisubiri kufika pale miti mizima inapoyumba.

Radi ni jambo jingine. Ukisikia ngurumo, iko karibu kiasi cha kuweza kukufikia. Jukwaa kwenye uwanja wazi, lenye mabomba na nyaya, si mahali pa kukaa. Watu waende kwenye majengo imara au ndani ya magari, si chini ya mwembe, na wasirudi hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri kila siku na tahadhari inapobidi, nasi tunausoma hewani. Kamati imteue mtu wa kuusikiliza asubuhi ya shughuli na kuupeleka kwa mwenye uamuzi.

Nani anasema "basi"

Huyo mwenye uamuzi ni nani? Awe mtu mmoja, ajulikane kwa jina kabla ya siku ya shughuli, na kila mtu akubali kwamba neno lake halipingwi, iwe na mgeni rasmi, mchungaji, mheshimiwa au msanii aliyelipwa. Asiwe mwenyekiti wa kamati, ambaye kichwa chake kimejaa chakula na itifaki. Fundi mkuu anafaa, au mgambo mwenye utulivu. Tunajua ugumu wake. Mgeni rasmi amechelewa saa tatu, ndiyo kwanza ameingia, ngoma zinapigwa, na mtu mmoja mwenye kofia anatakiwa kusema watu washuke. Ndiyo maana makubaliano hufanywa siku mbili kabla, mezani, wote wakiwa wametulia.

Anayeshika kipaza sauti naye apewe maneno mapema. Sisi watangazaji ndio mara nyingi hukabidhiwa kazi hiyo, na tunajua jinsi ulimi unavyotaka kuchekesha ili watu wasiogope. Lile tangazo la Indianapolis lililosema mambo mawili kwa pamoja liwe funzo kwetu kwanza. Yanatosha maneno kama haya: "Ndugu zangu, tunasimama kwa sababu ya upepo. Walio jukwaani washuke sasa kwa ngazi ya kushoto. Mlio mbele, inukeni msogee nyuma hadi kwenye goli. Wazazi, shikeni watoto. Tutawaita tena." Muziki uzimwe kwanza, maana watu hawahami wakati mdundo unaendelea.

Yaliyobaki

Jenereta likae chini na mbali, upande ambao moshi hauendi kwa watu, na lizimwe kabla ya kuongezewa mafuta. Viungo vya nyaya vilivyofungwa kwa nailoni visilale kwenye umande, na mwenye mitambo aweke kile kifaa kinachokata umeme wenyewe unapovuja. Chini ya jukwaa pazibwe kwa mbao au wavu pande zote. Watoto hupenda kukaa humo kwa sababu kuna kivuli na wanaona miguu ikicheza. Ngazi ziwe mbili, zenye mahali pa kushika, na nyuma na kando za sakafu kuwe na kizuizi cha kufika kiunoni, maana anayerudi nyuma akiimba haoni mwisho wa sakafu.

Kuhusu vibali, taarifa ya mkutano wa hadhara hupelekwa polisi si chini ya saa 48 kabla. Mkiwa huko wilayani, pitieni ofisi ya mhandisi wa halmashauri mwombe mtu wa kuangalia jukwaa, hasa kama kimo kinazidi mita 1.2 au kuna paa. Mafundi mnaowalipa wanalindwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA. Namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji na 112 ya polisi ziandikwe kwa maandishi makubwa nyuma ya jukwaa, pamoja na namba ya kituo cha afya kilicho karibu na ya mwenye gari litakalobaki uwanjani bila kupewa safari nyingine.

Kila asubuhi ya shughuli fundi azunguke tena. Mvua ya usiku huzamisha matandiko, na kucheza kwa jana hulegeza viungo. Siku ya mwisho, wakati wa kubomoa, mishazari itoke mwisho na si mwanzo. Vijana huianza kwa sababu iko karibu na mkono. Shusheni kwanza bango na turubai, kisha sakafu, kisha mbao za kubeba, na mwenye nyundo asiwepo mtu chini yake. Misumari ing'olewe palepale kabla mbao hazijapakiwa, kwa sababu kesho yake uwanja huo utakuwa na watoto wanaocheza mpira bila viatu.